Rundo Lisilofunguliwa

Kila barua inayoingia masjala hukutana kwanza na swali moja: iwekwe jalada gani? Karani akishalijibu, amekwisha kuamua nani ataiona barua hiyo, itatunzwa miaka mingapi, na kama siku ikihitajika itapatikana au haitapatikana. Kwa zaidi ya miaka elfu moja kazi hiyo ilifanywa kwa jicho na mkono. Tangu mwanzoni mwa muongo huu inaanza kukabidhiwa modeli kubwa za lugha, zile zinazoendesha programu za akili mnemba, kwa ahadi kwamba zitasoma mamilioni ya kurasa na kuzipanga katika muda ambao zamani ulitosha kupanga kabati moja. Sehemu kubwa ya ahadi hiyo ni ya kweli. Hata hivyo historia ya kazi hii inafundisha jambo ambalo halisikiki sana kwa wanaouza mifumo. Hati ikiwekwa kwenye kundi lisilo lake, mtu huikuta na kuirudisha, na madhara yake huishia hapo. Kosa la hatari ni lile la hati iliyotupwa katika rundo la zisizohusika, ambalo hakuna atakayelifungua tena. Mfumo wa kuainisha, uwe wa karani au wa mashine, naupima kwa jinsi unavyolishughulikia rundo hilo.

Wazee wa fani hii walilijua tatizo hilo kwa namna yao. Mwaka 377 Hijria, yaani 987, Ibn al-Nadim, mtoto wa muuza vitabu wa Baghdad, aliandika al-Fihrist, orodha ya vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua. Aliigawa sehemu kumi, kuanzia maandiko matakatifu na sarufi hadi falsafa, visa vya usiku, dini za mataifa mengine na elimu ya kugeuza madini kuwa dhahabu. Katika sehemu ya nane alitaja kitabu cha hadithi cha Kiajemi, Hazar Afsan, akasema wazi kwamba ni kitabu dhaifu kisicho na ladha. Hata hivyo alikiorodhesha. Leo tunajua kuwa Alfu Lela U Lela ina mizizi katika kitabu hicho kilichopotea, na ushahidi huo umetufikia kwa sababu mtu aliyekidharau hakuona dharau yake kuwa sababu ya kukiacha nje. Vitabu vingi alivyovitaja vimepotea kabisa, na majina yake yamebaki katika orodha ile tu.

Melvil Dewey alikuwa na shabaha nyingine. Jedwali lake la desimali, lililochapwa mwaka 1876 kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Amherst, Marekani, lilikuwa na kurasa 44 tu, na uzuri wake ulikuwa wepesi: elimu yote katika madaraja kumi, kila daraja katika makumi, kila kumi katika moja moja. Lakini jedwali hubeba macho ya aliyelichora. Katika daraja la dini, Biblia na Ukristo vilishika namba kuanzia 220 hadi 289, na dini nyingine zote za dunia zikasongamana kwenye 290, Uislamu ukipewa 297. Katika fasihi, lugha chache za Ulaya zilipewa makumi yake, kisha zilizobaki zikajazwa kwenye 890. Ndiyo maana vitabu vya Shaaban Robert, katika maktaba yoyote ya Afrika Mashariki inayofuata jedwali hilo, hupata namba 896.392, ndani ya chumba cha “fasihi nyinginezo”. Sidhani Dewey alikusudia kumdhulumu mtu. Kila orodha ina mahali pa Mengineyo, na ukitaka kujua mchora orodha hakuwafikiria akina nani, tazama waliorundikwa humo.

Mashine iliingia katika kazi hii mwaka 1961. M. E. Maron, mtafiti wa shirika la RAND huko California, alichukua muhtasari wa makala 405 kuhusu kompyuta na makundi 32, akachagua maneno 90 aliyoyaona kuwa madokezo mazuri. Kisha akatumia kanuni ya uwezekano ya Bayes: ikiwa neno fulani huonekana mara nyingi katika makala za kundi fulani, makala mpya yenye neno hilo huenda nayo ni ya kundi hilo. Sehemu ya makala ilitumika kuifundisha mashine, nyingine ikawekwa kando kwa ajili ya mtihani. Kwenye makala ambazo mashine haijapata kuziona, zile zilizokuwa na angalau maneno mawili ya dokezo, jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi mara zaidi kidogo ya nusu. Nyingine hazikuwa na madokezo ya kutosha. Maron aliyaandika yote hayo bila kuficha. Vichujio vingi vya barua pepe taka vilivyokuja baada ya miaka arobaini vilitokana na wazo lile.

Mwaka huohuo uainishaji wa namna nyingine ulikuwa ukipangwa London. Mwezi Mei 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni, alitoa maelekezo kwamba serikali zitakazochukua madaraka baada ya uhuru zisikabidhiwe nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, polisi wake au watoa habari wake. Nchini Kenya majalada yakagawanywa mafungu mawili: yatakayorithiwa na serikali mpya, na yale yaliyogongwa mhuri wa herufi W, ambayo yalipaswa kushikwa na maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya peke yao. Ya fungu hilo la pili mengine yalichomwa, na kulikuwa na maagizo kuwa majivu yapondwe yasiache alama; mengine yangeweza kufungwa katika masanduku mazito na kuzamishwa baharini kwenye kina kirefu, mbali na pwani; yaliyosalia yakapelekwa Uingereza. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wasomi hodari, na kila neno walilolisoma walilielewa. Kama makarani, hawakukosea. Walitenganisha kwa usahihi mkubwa, ila kigezo chao kilikuwa kuwaficha waliotenda maovu.

Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu majibu yake yalichelewa, na yalipokuja yalikuja kwa njia moja: mtu alirudi kuangalia kilichoachwa nje. La Maron lilimjia yeye mwenyewe. Mwaka 1985, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha pamoja na David Blair utafiti juu ya mfumo wa kompyuta uliotumiwa na mawakili katika kesi ya kampuni kubwa. Mfumo ulikuwa na nyaraka karibu 40,000, kurasa kama 350,000. Mawakili walisema wangeridhika wakipata robo tatu ya nyaraka zinazohusika na kila swali, na waliendelea kutafuta hadi wakaamini wamefika hapo. Blair na Maron wakachota sampuli kutoka katika nyaraka ambazo mfumo haukuzileta, wakawapa mawakili walewale wazisome bila kuambiwa zimetoka wapi. Ikadhihirika kuwa kwa wastani walikuwa wamepata moja ya tano tu. Walichokipata kilikuwa kizuri: nyaraka karibu nane katika kila kumi zilizoletwa zilihusika kweli, na wema huo ndio uliowahadaa. Walitafuta neno “ajali”, na barua za wahusika wenyewe zilizungumzia tukio, tatizo, au hali ile ya kusikitisha. Aliyetenda jambo baya huliita kwa jina laini, na mashine iliyofundishwa jina kali humpita.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa kuwa mengi yake ni masimulizi ya ufundi. Shirika la habari la Reuters lilijengewa mfumo wa kanuni zilizoandikwa na watu, wenye makundi 674. Kisha mashine zinazojifunza kutokana na mifano zikazipiku kanuni hizo. Thorsten Joachims, mtafiti wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1998 jinsi hesabu za kuchora mpaka kati ya makundi zilivyoweza kumudu maelfu ya maneno kwa wakati mmoja. Mwaka 2012 jaji Andrew Peck wa New York aliruhusu mashine ichambue barua pepe milioni tatu katika kesi, uamuzi uliofungua mlango kwa mahakama nyingine. Wengi hukumbuka ruhusa hiyo na kusahau sharti lililoambatana nayo: mpango uliokubaliwa ulitaka sampuli ya nyaraka karibu 2,400 ichotwe kwa bahati nasibu kutoka kati ya zile ambazo mashine ilizikataa, isomwe na watu. Somo la 1985 lilikuwa limeingia mahakamani.

Jibu la pili lilitoka kwa wazee wa Kenya. Mwaka 2009 waathirika wa kambi za kizuizini za wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza. Mwanahistoria David Anderson, mmoja wa mashahidi wataalamu, alikuwa amekuta katika kumbukumbu dalili kwamba masanduku ya majalada yalisafirishwa kutoka Nairobi mwaka 1963, na akasisitiza yatafutwe. Mwaka 2011 serikali ikakiri: majalada hayo yalikuwapo Hanslope Park, kaskazini mwa London, ya Kenya pekee yakiwa kama 1,500, na kwa makoloni yote 37 yakiwa karibu 8,800. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa madai ya Wakenya 5,228. Majalada yale yalijulikana yapo kwa sababu kuyaficha kulihitaji mikono mingi. Zilitumwa simu za maandishi, ziliandikwa orodha za masanduku, zikajazwa hati za kuthibitisha kuwa fulani na fulani zimeteketezwa. Uainishaji wenyewe uliacha nyayo, na mtafiti mwenye subira alizifuata.

Sasa zimefika modeli kubwa za lugha. Tofauti yake na mashine zote zilizotangulia ni kwamba hazikufundishwa kuainisha. Zimefundishwa kukisia kipande cha neno kinachofuata katika wingi wa maandishi usio na mfano, na kutokana na zoezi hilo, pamoja na mafunzo ya ziada, zimepata uwezo wa kufuata maelekezo. GPT-3, iliyotangazwa mwaka 2020 ikiwa na vigezo bilioni 175, ilionyesha kuwa modeli inaweza kupewa mifano michache, au maelezo matupu kwa lugha ya kawaida, ikafanya kazi ambayo zamani ilidai maelfu ya nyaraka zilizowekewa alama na watu. Mkuu wa masjala anaweza kuandika: haya ndiyo makundi yetu sita, soma barua hii, sema ni ya lipi na kwa nini. Tena modeli hutambua kwamba “hali ile ya kusikitisha” huenda ni ajali. Tatizo lililowaangusha mawakili wa 1985 limepunguzwa kwa kiasi ambacho Maron asingekiwazia, na si haki kuandika habari hizi bila kulikubali hilo.

Kwa Kiswahili tuna vipimo, si makisio matupu. Mwaka 2023 watafiti wa mtandao wa Masakhane walitoa MasakhaNEWS, mkusanyiko wa habari katika lugha 16 zinazotumika Afrika, Kiswahili, Kilingala, Kirundi, Kiganda na Kisomali zikiwemo, zilizopangwa kwa mada kama siasa, afya, michezo na biashara. Kwa kipimo kinachofika 100, na kwa wastani wa lugha hizo zote, mfumo uliofundishwa kwa mifano yote ulipata 92.6, uliopewa mifano kumi tu kwa kila mada ulipata 86.0, na ChatGPT, iliyoulizwa bila mafunzo yoyote ya ziada, ilipata kama 70. Pengo kati ya 70 na 86 linaonyesha nguvu ya mifano michache iliyochaguliwa na watu wanaoijua lugha. Tukumbuke pia kwamba habari za magazeti ni maandishi masafi, yenye kichwa kinachotangaza mada. Barua ya mwananchi kwa mkuu wa wilaya kuhusu mpaka wa shamba, iliyoandikwa kwa mkono, ikaanza na salamu, ikapitia msiba wa shangazi, na kulitaja shamba katika mstari wa mwisho, ni mtihani wa namna nyingine kabisa.

Kuna pingamizi ninayoisikia mara kwa mara: modeli sasa inaelewa maana, kwa hiyo hofu ya rundo lililokataliwa ni ya zama za maneno 90. Siikubali. Kuelewa maneno ya barua si kujua swali litakaloulizwa juu yake baada ya miaka hamsini. Maofisa wa 1961 walielewa kila sentensi, na uelewa huo ndio uliowawezesha kuficha vizuri. Modeli ikipewa maelekezo ya kutenga nyaraka zenye aibu itayatimiza kwa muda mfupi, bila masanduku wala moshi, na isipoamriwa kuweka kumbukumbu haitaacha orodha yoyote ambayo mwanahistoria ataikuta. Uwezo wa kuelewa umeongeza hatari hiyo. Isitoshe, jibu la modeli hubadilika kwa namna swali lilivyoandikwa, pengine hata kwa mpangilio wa makundi katika orodha, na sauti yake ya uhakika ni ileile ikipatia na ikikosea. Maneno marefu ya Kiswahili, yenye viambishi vya mtenda, wakati na mtendwa, hukatwa vipande vingi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo hati ileile hugharimu zaidi kuisoma.

Pingamizi nzito zaidi husema: makarani nao hukosea. Ni kweli tupu. Ellen Voorhees, aliyechunguza waamuzi wa majaribio ya kitaifa ya utafutaji wa nyaraka huko Marekani, alikuta kwamba waamuzi wawili wenye ujuzi, wakisoma nyaraka zilezile kwa swali lilelile, waliafikiana juu ya chini ya nusu ya nyaraka ambazo mmoja wao au wote waliziita zinazohusika. Basi siilinganishi modeli na karani asiyekosea, kwani hajazaliwa. Ninachokiangalia ni umbo la makosa. Makosa ya makarani kumi hutawanyika: mmoja amechoka, mwingine hajui Kihaya, wa tatu ni makini kuliko wote, na anachokipoteza huyu huokolewa na yule. Modeli moja hukosea namna moja kila mahali. Ikishindwa kutambua kwamba “kuhamishwa” katika barua za miaka fulani kulimaanisha watu kuondolewa kwenye ardhi yao, itashindwa katika barua zote elfu kumi kwa siku moja, na rundo litaonekana safi.

Wengine husema nyumba zetu za nyaraka hazina watu wala fedha za kukagua. Hapa hesabu iko upande wetu. Chota nyaraka 300 kwa bahati nasibu kutoka katika rundo lililokataliwa, zisomwe na mtu anayeijua kazi. Usipokuta hata moja inayohusika, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba zilizopotea humo hazizidi asilimia 1. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa watu wawili. Apepetaye mchele huacha ungo kwa kitambo akageuza pumba zilizoanguka, ajue mkono wake umeachia chenga ngapi. Lakini asilimia 1 ya rundo la hati 200,000 ni hati 2,000, na kwa mzee anayedai fidia ya kuteswa, hati moja inaweza kuwa kesi nzima. Kwa hiyo sampuli moja haitoshi. Rundo ligawanywe kwa lugha, kwa miaka, kwa mwandiko, na kila sehemu ichotwe peke yake. Hati za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama zilizohifadhiwa Zanzibar, zikichanganywa na barua zilizopigwa chapa huenda zisionekane hata kidogo katika sampuli ya 300, na ndizo ambazo modeli inazijua kidogo kuliko zote.

Uamuzi wa mwisho wa masjala ni wa kuteketeza. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya Tanzania ya mwaka 2002, kama sheria za namna hiyo kwingineko, inaweka utaratibu wa kumbukumbu zipi zitunzwe na zipi ziondolewe, na utaratibu huo unategemea kundi ambalo jalada limewekwa. Mtu akiliweka kundi hilo, jina na sahihi yake vipo. Mashine ikiliweka, nasema lisiwe sababu ya kuchoma chochote mpaka pamoja na jalada zihifadhiwe maelekezo kamili iliyopewa, orodha ya makundi jinsi ilivyokuwa siku hiyo, toleo la modeli, matokeo ya sampuli ya zilizokataliwa, na jina la ofisa aliyeisoma sampuli hiyo. Kumbukumbu hizo ziandikwe kwa lugha ambayo mwananchi mwenye barua anaisoma, zikae mahali ambapo yeye au wakili wake anaweza kuziomba, na zidumu kuliko modeli yenyewe, ambayo baada ya miaka michache itakuwa imezimwa na kampuni yake, isiweze kuulizwa tena kwa nini iliamua hivyo.